Mafundi wote waliniambia niweke manual: nilivyofunga giaboksi ya automatic ya gari lingine kwenye pikapu yangu ya zamani

Wakuu, heshima kwenu. Na wakuu wa kike pia, maana tupo humu jukwaa la magari, ila kila nikiuliza swali la giaboksi mnanijibu "sawa kaka". Mimi si kaka. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kilosa mjini, nauza vitunguu.

Haya ninayoandika yamenikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa na shoga. Nikiongeza chumvi hata punje moja, vitunguu vyangu vyote vilivyo stoo viote majani.

Uzi ni mrefu kidogo. Mwenye haraka apite salama, asije kuniandikia "fupisha".

Nianze na mguu, maana bila mguu hakuna uzi.

Nilipata polio nikiwa mdogo. Mguu wangu wa kulia ni mzima kabisa, unakanyaga mafuta na breki kama wa dereva wa basi. Wa kushoto upo upo tu. Natembea na mkongojo na nimeshazoea. Msinipe pole, pole nimepewa za kutosha tangu darasa la kwanza.

Sasa, gari la manual lina klachi, na klachi inakanyagwa na mguu wa kushoto. Mmeshaelewa.

Zamani nilikuwa nafuata vitunguu Lumuma, kule milimani, kwa magari ya kukodi. Dereva akitaka kuondoka tunaondoka, akitaka kulala tunalala, akimwona mchumba njiani tunamsubiri. Nafasi ya mbele alikuwa anampa anayemtaka. Mimi nilipandishwa nyuma juu ya magunia yangu mwenyewe, nikawa mzigo kama mizigo mingine.

Halafu nikapata pikapu. Mzee mmoja mstaafu kule Berega alikuwa anaiuza. Gari la Kijapani, la miaka ya tisini, injini ya dizeli, na cha ajabu ni automatic. Kampuni siitaji, nawajua, mkianza ligi yenu ya magari humu uzi unakufa.

Yule mzee alinipa ufunguo nikazunguka nayo uwanja wa mpira wa kijijini. Mguu mmoja, pedali mbili. Nililia ndani ya lile gari wakuu. Mzee akaja mbio akidhani nimegonga kitu.

Nikajifunza, nikatahiniwa, nikapata leseni. Tangu hapo napanda Lumuma mwenyewe, nashusha mzigo Kilosa, mwingine naupeleka Mikumi kwa akina mama wanaowauzia wasafiri pale barabara kuu. Nikichoka naegesha. Nikitaka soda nasimama.

Jumapili gari ni la mume wangu, Baba Neema. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi na ndiye mwalimu wa kwaya kanisani kwetu. Anabeba kinanda na spika, wanapanda kuimba kwenye makanisa madogo ya milimani, jioni wanarudi.

Basi siku moja natoka Mikumi, gari tupu, nimefika Ulaya. Ulaya yetu hii ya Kilosa wakuu, isiyohitaji viza.

Nakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, gari linatambaa. Nikakanyaga zaidi, kelele zikaongezeka, mwendo ni uleule. Mara harufu ya kitu kilichoungua.

Nilifika nyumbani kwa mwendo wa kobe, nikilipumzisha gari karibu kila kijiji. Kuna baba mwenye baiskeli na mkaa alinipita. Akanipungia mkono.

Fundi wa kwanza akachomoa kile kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi. Yametoka meusi, yananuka. Akatikisa kichwa. "Mama, automatic haziwezi milima. Weka manual uishi kwa amani."

Fundi wa pili, wimbo uleule.

Wa tatu hata boneti hakufungua. Aliangalia mkongojo wangu, akaniangalia usoni kwa huruma, akasema, "Sasa mama, si uweke manual, utafute tu mtu akuendeshee, wewe ukae pembeni kama bosi?"

Waliokuwepo pale wote wakaitikia, naam, wazo zuri. Nilitamani nimchape na ule mkongojo. Tatizo nikiunyanyua nadondoka.

Nyumbani nako hali ni ileile. Baba Neema aliniambia kwa upole wake wote, "Mama Neema, tuweke manual. Mimi nitakuendesha jioni nikitoka shule, na Jumamosi kutwa."

Mume wangu ni mtu mwema na alisema kwa mapenzi. Ndiyo maana iliniuma zaidi. Mtu mbaya ungemjibu. Nilimaliza ugali wangu, nikatoa vyombo. Vitunguu havimsubiri mwalimu afunge shule, na mimi nilijua jambo moja: gari likirudi na pedali tatu, mimi narudi juu ya magunia.

Nimerudi wakuu, nilikuwa napokea mzigo. Naona kuna mmoja ameshaandika "uza hilo gari ununue automatic nyingine". Mkuu, pikapu ya automatic inayobeba vitunguu kwenye milima ile, kwa uwezo wangu, niletee uniuzie. Tuendelee.

Alibaki fundi mmoja ambaye nilikuwa namkwepa. Fundi Maganga. Gereji yake iko hapahapa Kilosa, upande wa reli. Nilimkwepa kwa sababu ya mdomo wake.

Maganga ni Mnyamwezi. Babu yake aliletwa kukata mkonge kwenye mashamba ya huku, hakurudi kwao. Mimi ni Msagara wa milimani. Kwa hiyo ni mtani wangu. Kwa vijana waliozaliwa na simu mkononi: mtani anaweza kukwambia neno lolote, hata mbele ya wakwe, na wewe kukasirika ni mwiko. Kazi yako ni kumrudishia.

Nilipofika tu, hata salamu hajamaliza: "Enhe, Msagara! Mguu umekushinda kuutunza, sasa na gari nalo umelilemaza?"

Gereji nzima wakanigeukia. Wakadhani nitalia.

Nikamwambia, "Nyie mmefika huku mmefungwa panga kiunoni kukata mkonge, lini mkajua magari? Nyamaza ulipime."

Tukacheka mpaka akakaa chini kwenye tairi. Wakuu, nilikuwa sijacheka tangu nitoke Ulaya. Watu walikuwa wananihurumia, na huruma ikizidi mtu unajiona umekwisha.

Kisha akafuta mikono, akaniuliza swali ambalo wale watatu hawakuniuliza. "Wewe unataka nini?"

"Nataka pedali mbili."

"Basi tutafute pedali mbili."

Akaishusha ile giaboksi, akaifungua juu ya gunia. Ndani kuna sahani nyembamba nyembamba zinazoshikana na kuachiana, ndizo zinazofanya gari liende. Zilikuwa nyeusi kama zimetoka jikoni.

Akazigeuza geuza. "Hii haikuuawa na mlima. Mlima ungeichosha, haungeichoma hivi." Akanitazama. "Nani anashuka na free kwenye gari hili?"

Kwa msiojua: kushuka na free ni kuweka gia ya kati, ile N, gari liserereke lenyewe kwenye mteremko. Madereva wa malori huku wanaipenda sana, wanasema wanabana mafuta. Maganga alinieleza kwamba kwenye automatic ya aina ile, pampu inayosukuma mafuta ndani ya giaboksi inazungushwa na injini. Ukishuka na free injini inakuwa imepumzika, pampu inasukuma kidogo, lakini magurudumu yanaendelea kuzungusha vyuma vya ndani kwa kasi. Vinasagana bila mafuta ya kutosha. Siku moja hutaona kitu. Mwaka ukipita, giaboksi imekwisha.

Nikaapa kwamba si mimi. Mimi nashuka na gia ndogo, naogopa mteremko kama kifo.

"Basi muulize anayelishika ukiwa haupo," akasema, safari hii bila utani.

Sikwenda nyumbani kama polisi. Nilimwekea Baba Neema chai, nikamuuliza kama mtu anayepiga soga. "Hivi Baba Neema, Jumapili ukitoka milimani inakuwaje mafuta hayapungui?"

Uso wake ukang'aa, maskini. "Si naachia free! Kutoka kule juu mpaka tambarare sigusi mafuta. Nakubania dizeli yako, mke wangu."

Kabla hajaenda chuo cha ualimu, Baba Neema alikuwa utingo wa malori ya miwa kule Kidodi. Madereva wa kule ndio waliomfundisha gari, na walimfundisha kwamba mteremko ni zawadi ya Mungu, ukikanyaga mafuta kwenye mteremko unamkufuru.

Na mimi, kila Jumatatu nikiwasha gari nikaona mshale wa mafuta haujashuka, nilikuwa namsifu. Namwambia wewe mume unajua kutunza.

Nilitaka kukasirika nikashindwa. Nilimweleza kila kitu kama nilivyoelezwa. Akaweka kikombe chini, hakukigusa tena. Baadaye akasema tu, "Nilidhani nakusaidia."

Nikamwambia, "Najua."

Kesho yake Maganga akanipigia simu anacheka. "Mumeo amekuja asubuhi na tai yake, amesimama mbele ya giaboksi kama yuko msibani. Nimempa kiti."

Ila kuanzia siku ile neno manual halikutajwa tena nyumbani kwangu. Baba Neema ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga simu Morogoro kuulizia spea.

Giaboksi ya gari langu haikupatikana. Morogoro hakuna. Dar hakuna. Wauza spea used walikuwa wananicheka, mama hizo zilishakwisha, labda uende Japani ukafukue.

Hapo ndipo Maganga alipokuja na wazo. Kampuni ileile ilitengeneza gari jingine, lile la abiria lenye mgongo mrefu, lenye injini ndugu na hii yangu. Giaboksi yake ni automatic, haitumii kompyuta, na ni ngumu kuliko ya kwanza. Swali ni kama itakaa.

Alichukua boksi la sabuni, akalikata, akalibandika nyuma ya injini yangu na kulipiga piga kwa ngumi mpaka matundu ya bolti yakajichora. Akalitoboa. Lile boksi nikalipandisha basi kwenda Dar kwa muuza spea, nikamwambia, giaboksi yoyote ya gari lile ambayo matundu yake yanaoana na boksi hili, nitumie.

Akanipigia. "Mama, mnanunua giaboksi au mnashona suruali?"

Lakini yalioana. Yote. Nilipiga kigelegele sokoni, wateja wakadhani nimepata mjukuu.

Wakuu, kuoana kwa matundu si mwisho wa kazi, hapa wengi ndipo wanapoliwa. Giaboksi ilikuja ndefu kuliko ile ya zamani, imezidi kama shubiri. Kwa hiyo propela, ule mhimili unaopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, ikabidi ikatwe. Tukaipeleka Kidodi kwa fundi wa mashine anayechonga vyuma vya matrekta ya miwa. Kwake yeye propela ya pikapu ni kama kijiko. Baba Neema aliipeleka mwenyewe, kule bado ana watu wake.

Kile chuma kinachoibeba giaboksi kwa chini kikasogezwa nyuma na kutobolewa upya. Fimbo ya gia ikaunganishwa upya. Kuna pia waya mmoja mwembamba unaotoka kwenye pedali ya mafuta kwenda kwenye giaboksi, ili giaboksi ijue umekanyaga kiasi gani. Maganga alisema ukiukosea huo, umerudi ulikotoka.

Na lile dude la mviringo linalokaa kati ya injini na giaboksi, linalofanya kazi ya klachi, lazima liingie mpaka mwisho kabla ya kukaza bolti hata moja. Alilizungusha taratibu huku amelaza sikio. Likaingia likagonga, akaendelea, likagonga tena. Nikamwambia si limeshaingia? Akanijibu, "Tulia Msagara, hili si kama kuvaa gauni." Likagonga mara ya tatu, akatabasamu. Mkilikazia kabla ya hapo mnavunja pampu siku ya kwanza.

Tukaijaribu mjini. Wakuu, iliondoka kama maji. Maganga akasema kazi imeisha.

Nikakataa. Nikamwambia gari langu halibebi upepo. Tupakie magunia, tupande mlima wa Lumuma, kisha ndiyo useme imeisha. Na magunia ya kawaida, si lumbesa, msianze na mimi habari ya magunia yenye kichwa juu ya kichwa.

Hatukufika juu. Katikati ya mlima nikaanza kusikia harufu. Tukasimama, Maganga akaigusa giaboksi, akarudisha mkono haraka. Mafuta yamechemka. Rejeta yangu ya zamani ilishindwa kuyapoza mafuta ya giaboksi kubwa kuliko ile ya mwanzo.

Nilikaa kwenye jiwe. Nitasema ukweli, pale ndipo nilipokata tamaa kwa mara ya kwanza. Nilijiona narudi kwenye gari la kukodi, nauliza nafasi ya mbele, naambiwa imejaa.

Akapita mwenye trekta, mtu mwema, akatoa kamba. "Mama nikuvute mpaka mjini?"

Maganga akaruka kama amekanyaga moto. Automatic haivutwi na kamba huku magurudumu ya nyuma yako chini, ni kifo kilekile cha free. Yule bwana akashangaa watu gani hawa wanaokataa msaada mlimani. Tukamshukuru, tukakaa. Maganga akanimenyea muwa. Gari likapoa, tukashusha nusu ya magunia kwa mwenyeji mmoja, tukarudi polepole na gia ndogo.

Njiani akaniambia, "Hii haijafa. Ina homa tu. Homa tunaitibu."

Dawa yake ilikuwa kijirejeta cha pembeni, cha mafuta ya giaboksi peke yake, akakifunga mbele ya rejeta kubwa mahali kinapopata upepo. Mipira ya kupitishia mafuta aliitoa Kidodi, ile migumu ya kwenye matrekta. Akaniambia itatuzika sisi wote.

Tukapanda tena. Magunia yote. Safari hii Maganga akakaa nyuma juu ya mzigo, mimi kwenye usukani, na Baba Neema kushoto kwangu. Aliomba ruhusa shuleni, akasema lazima ashuhudie.

Wakuu, tulifika Lumuma. Harufu hakuna. Nilifungua mlango, nikateremka na mkongojo wangu, nikagusa boneti, nikaenda kujificha nyuma ya stoo ya vitunguu nikalia vizuri peke yangu. Nilivyorudi Maganga akasema, "Umetoka kulia au kuiba?" Nikamwambia vyote viwili.

Kurudi sasa. Ule mteremko mrefu. Nikaweka gia ndogo, injini ikalishika gari, tukaanza kushuka kwa adabu.

Kwenye kona ya kwanza nikaona mkono wa Baba Neema unatoka mapajani. Unakuja wenyewe, taratibu, unaielekea fimbo ya gia. Yeye mwenyewe anaangalia mbele, wala hajui. Miaka yote ya malori ya miwa imo kwenye ule mkono.

Nikasubiri.

Ulipokaribia kugusa, akaushtukia. Akauangalia kama si wake. Kisha akauchukua, akaukalia.

Aliukalia ule mkono mpaka chini kabisa wakuu. Kona zote zile anayumba huku na huku, anajishikilia kwa mkono mmoja tu, na hakuutoa. Tulipofika tambarare ulikuwa umekufa ganzi, ananyoosha vidole kimoja kimoja. Nimeolewa na huyu mtu miaka mingi, amenipa vitu vingi, lakini siku ile ndiyo niliyojua kwamba ameelewa.

Sasa naendesha kama zamani. Giaboksi mpya inavuta kuliko ile ya kwanza, naikagua mafuta yake kila nikitoka milimani, haijabadilika rangi. Jumapili kwaya naipeleka mimi. Na wiki iliyopita Maganga ameniletea mgeni, baba mmoja wa Kidodi aliyeumia mguu shambani, anataka gari lake lifanywe hivyohivyo. Nimekaa naye gereji nikimweleza. Wakati anaondoka alikuwa ameshafikia kuuliza rangi ya viti.

Nilichojifunza? Automatic ya zamani inapanda mlima vizuri tu, ila usishuke na free, usiivute na kamba, na ukibadilisha giaboksi kuwa kubwa fikiria na kuipoza. Ukiambiwa na fundi wa kwanza, wa pili na wa tatu neno lilelile, angalia kama kuna aliyefungua kitu. Na wewe unayetaka kumsaidia mtu mwenye ulemavu, muulize kwanza anataka nini. Wakati mwingine anataka pedali mbili tu, mengine atayafanya mwenyewe.

Bei msiniulize. Mume wangu naye yumo humu, na vitu vingine kwenye ndoa havihitaji kujulikana.

Mwenye swali aulize, mwenye giaboksi iliyomshinda aseme, na mwenye utani na Wasagara karibu, nimejipanga. Nikichelewa kujibu msiseme nimekimbia uzi. Mjue niko barabarani, na simu siishiki nikiwa naendesha.